Kiingereza cha Mama Yangu

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi, na ukali wake haukuwa wa fimbo. Ulikuwa wa kukunyima Kiswahili. Ukisimama darasani mwake ukasahau neno, ukataka kuchomekea la Kiswahili ili ujiokoe, aliinua kiganja na kukuacha umesimama hapo hapo wenzako wakikutazama. "Umesahau jina, kitu chenyewe hujakisahau," alisema. "Kizunguke."

Kukizunguka ni kusema kwa Kiingereza kitu hicho kinafanya kazi gani, kimetengenezwa kwa nini, na kinakaa wapi ndani ya nyumba. Watoto wa kijiji chetu, huku Newala upande wa Mnyambe, kwanza wakubwa zetu na baadaye sisi, tulikua tukivizunguka vyombo vya mama zetu. Ni kitu ambacho kimesukwa, tunapepetea mtama, kinatundikwa ukutani. Ungo huo. Ni kitu ambacho kina tumbo na shingo, na maji yakikaa humo yanapoa. Mtungi. Sentensi zote zilianza na maneno yale yale, It is a thing which, na mpaka leo nikiyasikia popote, hata redioni, nashtuka.

Siku moja darasani nilisahau neno la mtu anayepiga kengele ya kanisa. Nikamzunguka kama nilivyofundishwa. Baba akanikata katikati. "Mtu haelezwi kama sufuria," alisema. "Mtu anaitwa. Kama hujui jina lake, nenda kamuulize." Darasa zima likacheka. Mimi nina hasira za karibu, hilo wanaonijua wanalijua, nikanuna mpaka jioni. Lakini ndiyo iliyokuwa sheria yake, na nyumbani aliifuata yeye mwenyewe. Baba alimwita mkewe Mama, kisha jina langu, maana mimi ndiye mtoto wa kwanza, na mwisho wa jina aliuvuta ili usikike mpaka jikoni. Jina lenyewe nitalibakiza huko huko.

Alistaafu katika miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumezoea korosho zetu kununuliwa na chama cha ushirika peke yake, tukashtukia malori ya wanunuzi binafsi yanapanda huku juu kutoka Mtwara na Masasi, yamejaa magunia matupu na vijana waliovaa miwani ya jua. Mitumba ikamwagika mnadani. Ghafla kila kijana akataka Kiingereza, kwani ilisemekana matajiri wa maghala hawamtaki mtu asiyekijua. Baba akatoa viti barazani akaanzisha darasa la jioni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukaa tu nyumbani, basi kazi yangu ikawa kufuta ubao na kusahihisha waliokosea. Mama alikuwa akipita katikati yetu na ndoo kichwani, vijana wanampisha. "Shikamoo, mama." "Marahaba, someni wanangu." Yeye shule aliiachia darasa la pili. Kiingereza kwake kilikuwa kelele za kazi ya mumewe, kama nyundo ilivyo kwa mke wa fundi.

Wao wawili walizungumza Chimakonde. Baba hakuwa Mmakonde. Alikuwa Mmakua wa Masasi, mjukuu wa watu waliobatizwa zamani na wamisheni, na huku juu aliletwa na kazi akiwa kijana. Chimakonde alifundishwa na Mama, na alikisema vizuri sana, ila aliporopoka kwa hasira Umakua wake ulitokeza, na Mama alimwigiza mbele yetu mpaka hasira yenyewe ikaisha.

Kwetu maji ndiyo habari ya kila siku. Wakati wa mvua tunakinga ya paa, yanaingia kwenye tangi la saruji, tunakunywa yakiwa na ladha ya bati. Tangi likikauka, na pampu ya serikali ikiwa imekufa kama kawaida yake, wanawake wanashuka bondeni. Kushuka si taabu. Kupanda na ndoo kichwani ndiko kunakokatisha pumzi, na hakuna mwanamke wa kwetu asiyeujua mteremko ule kwa kisigino chake. Mvua zikianza, njia ile inabaki haina mtu.

Baba alianguka shambani, msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga, asubuhi ya baridi ile ya Newala inayokufanya uvae sweta mbili. Tulimkuta ameegemea shina, uso umejaa vumbi la njano, mdomo umeenda upande. Lori lililokuwa linateremsha mifuko ya salfa ndilo lililotupeleka hospitali Masasi. Walituambia ni kiharusi. Tulikaa naye huko muda, Mama analala sakafuni chini ya kitanda chake, na tuliporudi nyumbani mkono wa kulia ulikuwa umekufa na maneno yamemtoka.

Siyo yote. Hilo ndilo lililotutesa. Chimakonde kilikwenda chote. Kiswahili kikabaki vipandevipande visivyounganika, na Kimakua cha kwao, ambacho ndugu zake walikuja kumsemesha kutoka Masasi, akakisikiliza akitabasamu kwa adabu kama mgeni. Kilichobaki ni Kiingereza, na siyo Kiingereza chote. Jina la kitu anachokitaka lilikuwa halimjii. Ilibaki ile sentensi aliyokuwa ameisema maisha yake yote mbele ya ubao, ni kitu ambacho, na baada yake akaanza kukizunguka kitu kimoja kimoja, taratibu, jasho linamtoka. Ni kitu ambacho kina miguu minne na hakitembei. Alitaka kiti, akae barazani. Ni kitu ambacho kilikuwa cha kondoo, sasa ni changu, kinakaa kwenye kamba. Alitaka sweta.

Mimi nilimwelewa. Mama hakuelewa hata moja.

Watu walikuja kumwona, wakasali naye, wakabaki kumsikiliza. Wengine walisema mwalimu kazidiwa na Uzungu. Jirani yetu mmoja, mjane anayeishi ng'ambo ya uzio, alijifunika kanga mdomoni akacheka, nikamwambia aende akachekee kwake. Alikwenda kweli. Mama akanigombeza jioni hiyo yote, kwamba jirani hafukuzwi, na kwamba tutamhitaji. Nilijua ana haki.

Taabu yake haikuwa jirani. Nilikuwa naiona. Baba alimtazama yeye usoni kwa muda mrefu, midomo inajaribu, kisha akageuza macho kunitafuta mimi, akasema Kiingereza. Mimi nikamwambia Mama: anataka maji. Mama akaleta maji. Mke wa miaka yote hiyo, anapokea maagizo ya mumewe kutoka kwa mtoto. Siku moja alikaa kwenye kinu kilicholazwa jikoni, mikono mapajani, akaniambia bila kulia:

"Lugha niliyoolewa nayo imeondoka. Ananitazama mimi halafu anakusemesha wewe. Mimi ndiye mke wake. Akitaka kitu, nataka aniite mimi."

Nikamwambia basi nitamfundisha.

"Nifundishe upesi," alisema. "Wewe hukai hapa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeahidiwa kazi kwenye ghala la mnunuzi mmoja kule Masasi, kazi ya kuzungumza na wageni wanaokuja kuonja korosho, na msimu ulikuwa unakaribia. Dawa za Baba zilihitaji mtu wa kuzinunua. Nisingekwenda tungekwama, nikienda Mama anabaki na mume asiyeweza kumwomba hata kikombe cha maji. Basi tukaanza.

Hakutaka ubao wala kuandika. Nilimfundisha akiwa kazini, kwa kuvishika vitu. Maji. Moto. Baridi. Mkono, kichwa. Funika, beba, leta. Sikujishughulisha kumfundisha majina ya vyombo, maana Baba mwenyewe alikuwa hana majina. Nilimfundisha yale anayozungukia. Nikisema kwa Kiingereza ni kitu ambacho kinafunika na kina joto, aende akalete blanketi. Mwanzoni aliniletea mfuniko wa sufuria. Tulicheka wote wawili, na Baba kule barazani, alipotusikia, akacheka na yeye upande mmoja wa mdomo, hajui tunacheka nini.

Tulipofika kwenye juu na chini alikwama. Nilinyoosha kidole darini, nikanyoosha sakafuni, akawa anavichanganya. Mwishowe akajitafutia njia yake.

"Chini ni bondeni," alisema. "Juu ni pale alipokuwa amesimama baba yako."

Nikamuuliza lini. Akaniambia habari ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Baba alipoletwa huku akiwa mwalimu kijana, wanafunzi walimpelekea maji nyumbani, hakuwa na haja ya kuyafuata. Lakini saa ya wasichana kupanda alikuwa anasimama pale juu mteremko unapoishia, na kikombe cha bati mkononi, eti ana kiu. Wasichana wengine aliwaacha wapite. Alingoja mpaka Mama atokeze. Akapewa maji, akanywa, hana neno lolote la Chimakonde la kushukuru, anabaki kuguna. "Nikamfundisha kusema maji," Mama alisema. "Ndilo la kwanza. Na wewe la kwanza umenifundisha maji." Akaendelea kuchambua mboga. Tangu siku hiyo hakukosea tena juu na chini.

Siku ya kwanza aliyomwelewa peke yake nilikuwa uani naanua nguo. Baba alisema maneno yake, taratibu, na nilipotaka kwenda, Mama akaninyooshea kiganja nibaki. Kiganja kile kile cha Baba, nakwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mto, akamwekea mgongoni. Baba akamshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake mzima na hakumwachia. Mama alisimama hapo ameinama, mgongo unamuuma bila shaka, mpaka yeye mwenyewe alipoachia. Hakunitazama alipopita, lakini usiku wote alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini.

Malori yakaanza kupanda. Nikafunga mzigo wangu. Mama hakunisindikiza mbali, aliishia kwenye mkorosho wa mpakani. "Nenda," alisema. "Maji nimeshajua, moto nimeshajua. Mengine atanifundisha mwenyewe." Kisha akasema jambo nililolibeba njia nzima mpaka Masasi. Alisema, "Ila jina bado hajaniita."

Nikakaa Masasi msimu wote. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama mbele ya wageni nikieleza korosho kwa Kiingereza, na niliposahau neno nilizunguka, kama nilivyolelewa, na tajiri akafurahi akidhani ni ufundi wa biashara. Nilituma dawa kwa madereva. Salamu zilirudi kwa mdomo: mzee anakula, mzee anakaa barazani, mama yako anasema Kiingereza siku hizi. Dereva mmoja aliyelelewa Lukuledi, mcheshi sana, alinisimulia jinsi Mama alivyomwambia kwa Kiingereza abebe kitu kichwani, na alikuwa anacheka mpaka anauegemea usukani. Nilicheka naye, na nilipokuwa peke yangu nikalia kidogo.

Mvua zikaanza. Barabara ikawa tope, malori yakapungua, salamu zikakatika. Habari zilinifikia asubuhi, ghalani, na nikapata gari linalokwenda Newala likanasa njiani, tukalala humo humo. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshamzika Baba jana yake. Kaburi lilikuwa bichi na mvua imelichimba pembeni. Nilimkasirikia dereva, nilizikasirikia mvua, nikaukasirikia na udongo. Sikuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Mama alikuwa amekaa ndani, chini, kati ya wanawake. Nilimkumbatia, akanipigapiga mgongoni kama mimi ndiye mfiwa peke yangu. Alikuwa anachezesha midomo, na nilidhani anasali.

Jirani yule niliyemfukuza ndiye aliyenieleza ilivyokuwa. Alikuwepo. Siku ile Baba aliamka macho yamechangamka, akasema maneno mengi kuliko kawaida. Mama akamletea maji ya kunywa kutoka tangini. Baba akayasukuma. Akasema tena. Mama akaleta mengine, akayapasha moto kidogo. Akayasukuma, yakamwagika kifuani, na akarudia maneno yale yale, polepole kabisa, kama anamfundisha mtoto. "Mama yako akaniambia, nimeelewa, hataki haya ya bati, anataka ya bondeni," jirani alisema. "Nikamwambia, mama, mvua hii, njia inateleza, nani anashuka sasa? Akasema mume wangu kaniomba. Akaniomba nikae na mwalimu, akachukua ndoo." Baba alimwona akitoka na ndoo, akainua mkono ule mzima, akaushusha. Baba alikata roho jirani akimfuta kifua. Mama alikuwa hajarudi.

Nilimshukuru. Nikamwomba radhi kwa ya nyuma, akasema ameshasahau.

Matanga yalipokwisha na watu wakatawanyika, Mama aliniita uani, tukasimama karibu na tangi. Lilikuwa limejaa mpaka linafurika, maji yanatambaa kuelekea kwenye mihogo.

"Nimeyashika mdomoni tangu siku ile," alisema. "Nilikuwa nayasema nikishuka, nayasema nikipanda, nikayasema msibani, nisije nikayapoteza kabla hujafika. Nimeelewa maji. Nimeelewa chini, na juu, na kichwa. Lile la mwisho silijui, hatukuwa tumelifikia. Niambie alitaka maji gani, maana niliyapandisha yale ya bondeni na hakuyanywa."

Akayasema. Yalikuwa yamechakaa kwa kurudiwarudiwa, lakini yalikuwepo yote, na mapumziko ya Baba yalikuwemo, pale alipokuwa anavuta pumzi. Nikayasikia.

Ni mtu, alikuwa amesema. Ni mtu ambaye anashuka bondeni, anapanda na maji kichwani, na mimi nipo juu, nangoja.

Mimi sikuwa nimemfundisha Mama kuhusu watu. Sote wawili tulijua kwamba kwa Baba mtu haelezwi. Alikuwa ameivunja sheria yake mwenyewe kwa sababu jina halikuja, na asingeweza kukaa bila kumwita.

Nilifikiria kumwambia ndiyo, yalikuwa maji ya bondeni, ulifanya vema. Ingekuwa rahisi. Lakini alikuwa ananitazama mdomoni kama alivyokuwa anautazama wa Baba, na hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwambia.

"Hakutaka maji, Mama," nikasema. "Alikuwa anakuita wewe."

Nikamweleza neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Maji yakaendelea kufurika, yakamlowesha miguu, na hakusogea.

"Na mimi nikashuka," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Aliniona natoka na ndoo."

Nikamsogelea. Nilimshika mkono. Akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwake, "Basi aliniita." Akarudia, "Aliniita." Ndipo akalia, kilio ambacho msibani watu walikingoja hawakukipata, na mimi nikalia naye.

Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akaniambia nimfundishe lile neno la mwisho. Nikamfundisha kungoja kwa Kiingereza. Lilimpa taabu, ulimi ukawa unalikwepa, lakini hakuniruhusu kuondoka mpaka alipolisema sawasawa. Halafu akaingia jikoni akatoka na ndoo.

Nikamwambia tangi limejaa. Akasema analiona.

Tulitembea wote mpaka pale juu mteremko unapoanza kushuka. Nyasi zilikuwa zimefunika njia, hapakuwa na nyayo ila zake za siku ile, zimejaa maji. Nilitaka kushuka naye, nikavua viatu. Akaninyooshea kiganja. Akanionyesha mahali pa kusimama, akasogea hatua moja, akanisogeza na mimi kidogo kushoto, akatazama kama ndipo penyewe. Kisha akalisema lile neno, kwa Kiingereza, mara moja tu, akashuka.

Nikamngoja.